Watetezi wa kujitolea katika nyumba ya wazee mjini Lubumbashi: tathmini ya huduma

Huduma ninayoitathmini hapa ni ndogo na haina bango barabarani. Ni kundi la watu wa kujitolea, waliokusanywa na kamati ya parokia moja mjini Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao kila juma huingia katika nyumba ya kulea wazee, huketi na wakaazi wake mmoja mmoja, husikiliza yanayowasumbua, na kuyafikisha kwa wasimamizi pale tu mzee mwenyewe anapokubali. Hawaogeshi mtu, hawapiki, hawagawi dawa. Kazi yao ni kusema kwa niaba ya mtu ambaye sauti yake haifiki ofisini. Nimeifanya kazi hiyo kwa muda wa kutosha kuona uzuri wake na kasoro zake, na kwa kuwa kamati inatafuta watu wapya, inafaa wanaofikiria kujiunga, pamoja na familia zenye mzee ndani ya nyumba ya aina hiyo, wajue wanachoweza kukitegemea na wasichoweza.

Wengi huuliza ni nani anayezeekea mikononi mwa wageni katika mji ambao bado mjukuu hulala chini ili kambo, yaani babu au bibi, apate kitanda. Sehemu ya jibu iko katika historia ya mji wenyewe. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya kuchimba shaba iliyoanzishwa mwaka 1906, ilimpa mfanyakazi nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho ya unga, na hata baada ya kutaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuwa Gécamines, desturi hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Kisha kampuni ikadhoofika, na mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, wakapewa malipo ya mara moja. Aliyekuwa na miaka hamsini wakati ule sasa amepita sabini, malipo yale yalikwisha zamani, na watoto wake wametawanyika, huyu Kolwezi, yule Zambia, mwingine hajulikani aliko. Pamoja na wazee hao wako wajane waliofukuzwa na ukoo baada ya kushukiwa uchawi, wako wasiojaaliwa watoto, na wako waliokimbia vita mikoa mingine wakafika hapa bila ndugu. Naona, na haya ni maoni yangu, kwamba watu wa aina hii wanahitaji msemaji kuliko wanavyohitaji blanketi la pili, kwa sababu kila mmoja wao amekwisha kufundishwa na maisha kwamba anayelalamika hufukuzwa.

Wazo la mtetezi wa kujitolea ndani ya nyumba ya wazee halikuanzia kwetu. Kamati imeziiga kanuni zake karibu zote kutoka Marekani, na ni haki kuipima huduma hii kwa kuangalia ilikotoka. Huko, baada ya kashfa nyingi za wazee kutendewa vibaya katika nyumba zilizokuwa zikipokea fedha za serikali, mipango ya majaribio ilianzishwa mwaka 1972 katika majimbo machache. Mwaka 1978 sheria ya nchi nzima inayohusu wazee, ambayo ilikuwepo tangu 1965, ilirekebishwa ili kila jimbo lilazimike kuwa na ofisi ya mtetezi wa wakaazi wa nyumba hizo, na mwaka 1987 ikapitishwa sheria nyingine iliyoorodhesha haki za mkaazi: kushiriki katika kupanga matunzo yake, kuwa na faragha, kutofungwa kitandani kwa sababu tu walezi ni wachache, kupokea wageni, na kulalamika bila kulipiziwa kisasi. Ofisi hizo huwa na waajiriwa wachache, na nyuma yao wako watu wa kujitolea kwa maelfu, wanaofunzwa na kupewa cheti kabla ya kuruhusiwa kuingia peke yao. Jambo ambalo wageni wengi hulikosea ni kudhani kwamba mtetezi ni mkaguzi. Hana mamlaka ya kutoza faini wala kufunga nyumba. Hiyo ni kazi ya idara nyingine. Yeye anafanya kazi kwa ajili ya mkaazi, na mkaazi ndiye anayemwelekeza.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo roho ya huduma yetu, na ndiyo iliyonifanya niiheshimu. Katika mafunzo, yanayotolewa jioni katika ukumbi wa parokia, mwalimu hurudia hadi mtu anachoka kusikia: usifanye lolote kabla hujamwuliza mzee anataka nini, na akisema hapana, nyamaza. Kwa mtu aliyelelewa kama sisi, hili ni gumu kuliko linavyosikika. Tukimwona mzee ana shida, tunakimbilia kuitatua. Tunamwita Kambo kwa heshima zote, kisha tunamwamulia kila kitu kuanzia shati la kuvaa hadi saa ya kulala. Mafunzo yanakulazimisha kugeuza mazoea hayo. Yana mazoezi ya watu wawili wawili, mmoja akiigiza mzee asiyetaka kusema na mwingine akijaribu kumsikiliza bila kumhoji kama polisi, na hayo mazoezi, ingawa mwanzoni watu hucheka, ndiyo bora kuliko sehemu zote nyingine. Daftari tunalopewa, kwa upande wake, limeandikwa kwa Kifaransa kizito cha ofisini, na hakuna mwenzangu hata mmoja niliyemwona akilifungua mara ya pili.

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu unaonyesha huduma inavyofanya kazi inapofanya kazi vizuri. Kulikuwa na mzee mmoja, zamani fundi wa reli, ambaye kila nilipomkuta alikuwa ameshika gazeti kuukuu bila kulisoma. Nilipouliza, alisema miwani yake iko kabatini. Kabati lenyewe lilikuwa katika ofisi ya muuguzi, na ndani yake, kwenye sahani ya bati, zilikuwa zimelala miwani za wakaazi karibu wote, kila moja imezungushiwa kipande cha plasta chenye jina kwa kalamu ya buluu, moja ikiwa imefungwa mguu kwa uzi mweusi wa kushonea. Hapakuwa na ubaya wowote uliokusudiwa. Miwani mbili zilikuwa zimepotea, nyingine ilikanyagwa usiku umeme ulipokatika, na mtu fulani akaamua kwamba njia salama ni kuzifungia zote na kumpa kila anayeomba. Lakini wazee hawaombi. Aliyepaswa kutembea ukumbi mzima kwa fimbo, agonge mlango, amsubiri muuguzi amalize anachofanya, kisha arudishe miwani kabla ya jioni, aliona ni heri kukaa na gazeti lake mkononi.

Nilimwambia kwamba ningeweza kulisema jambo hilo kwa msimamizi. Akanishika mkono. “Mwanangu, usimwambie sista. Ukimwambia, watasema mimi ni mzee wa maneno mengi.” Kwa mujibu wa kanuni, mazungumzo yaliishia hapo, na nakiri kwamba kwenda nyumbani na jambo dogo kama hilo mfukoni kunauma. Niliendelea kumtembelea bila kuligusa. Baadaye yeye mwenyewe akalirudia, akiwa amelifikiria: “Uliza miwani ya wote. Usiulize yangu.” Ni mbinu ambayo mimi, na masomo yangu yote, nisingeibuni. Nilimwuliza msimamizi kwa jumla kuhusu utaratibu wa miwani, akaeleza sababu zake, nikamwuliza kama mifuko midogo ya kitambaa iliyoshonewa pembeni ya godoro isingesaidia, na mama mmoja wa parokia akaishona. Sasa miwani hulala karibu na mwenyewe. Jina la mzee halikutajwa popote, na hadi leo wafanyakazi wa nyumba wanaamini wazo lilikuwa lao, jambo ambalo halina hasara yoyote.

Tofauti ya huduma hii na ziara nyingine zinazoingia katika nyumba za wazee inaonekana wazi hapo. Lubumbashi haikosi watu wema. Karibu na Noeli na Pasaka hufika vikundi vya kwaya, vya akina mama, vya wanafunzi, na siku hizi vya wanasiasa, wakiwa na sabuni, mchele, biskuti na mpiga picha. Wazee hupangwa mstari uani, hupigwa picha, hupokea, na magari huondoka. Sisemi kwamba sabuni si kitu, maana sabuni ni kitu kikubwa sana kwa asiyekuwa nayo. Hata hivyo mtetezi anakatazwa kuleta zawadi, na sababu yake nimeielewa polepole: mzee uliyempa kitu hatakwambia ukweli, atakwambia yanayokufurahisha ili urudi. Anayejiunga ajiandae kuulizwa “leo umeleta nini?” mara nyingi, na ajiandae kujibu “nimekuja mwenyewe” huku akiona uso wa mwenzake unavyobadilika. Baadhi ya waliofunzwa pamoja nami waliacha kwa sababu hiyo, na sikuwalaumu.

Kanuni nyingine mbili zinastahili kusifiwa. Ya kwanza inamzuia kuwa mtetezi yeyote ambaye ndugu yake wa karibu ameajiriwa katika nyumba hiyo au anaiuzia bidhaa; katika mji ambao kila mtu ni shemeji wa mtu, kanuni hii imewaondoa waombaji wazuri, na bado naona ni sawa. Ya pili inakataza kabisa kugusa fedha za mkaazi. Kuna wazee wenye haki ya pensheni ambao kadi zao za mpiga kura na karatasi zao zote zimeshikwa na mtoto wa kaka au wa dada anayekwenda kupokea kwa niaba yao, na kinachofika kitandani ni kidogo au hakifiki. Kishawishi cha kusema “nipe mimi nikupokelee” ni kikubwa, hasa pale mzee mwenyewe anapokuomba. Mtetezi anachoruhusiwa ni kumwandikia mzee barua, kumsindikiza akitaka kwenda mwenyewe, na kumkumbusha kwamba karatasi ni zake na anaweza kuzidai. Ni msaada mdogo, lakini hauwezi kugeuka kuwa wizi wa pili.

Sasa nije kwenye udhaifu, na upo mkubwa. Katika nyumba tunayotembelea, chakula cha jioni hutolewa saa kumi na nusu alasiri. Wapishi wanapaswa kuondoka mapema wapate usafiri kabla giza halijaingia, na umeme ukikatika jiko la makaa haliwezi kusimamiwa na mlezi mmoja wa zamu. Sababu hizo ni za kweli. Lakini mtu aliyekula bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) saa kumi na nusu, kisha asipate kitu hadi chai ya saa moja asubuhi, amekaa na njaa zaidi ya saa kumi na nne, na kwa mgonjwa wa kisukari huo si usumbufu tu, ni hatari. Wakaazi kadhaa walitoa idhini tulisemee jambo hilo kwa majina yao. Tulilisema. Tukaambiwa litaangaliwa. Tukalisema tena kwa maandishi. Baada ya barua ile, zamu zetu za kuingia zilianza kupata vikwazo: leo kuna usafi, leo daktari amekuja, leo msimamizi hayupo na hakuna wa kuwaruhusu. Hakuna aliyetufukuza. Mlango ulizidi tu kuwa mzito, hadi mwenyekiti wa kamati alipokwenda kunywa chai na wasimamizi na mambo yakarudi yalivyokuwa, chakula cha jioni kikiwa bado saa kumi na nusu.

Hapo ndipo nakala yetu inapoachana na asili yake. Mtetezi wa Marekani, hata awe mstaafu anayejitolea saa chache kwa juma, anaingia kwa nguvu ya sheria. Msimamizi wa nyumba hana ruhusa ya kumzuia asimwone mkaazi anayetaka kumwona, na lalamiko likikwama anaweza, kwa idhini ya mkaazi, kulipeleka kwa idara yenye uwezo wa kuadhibu. Huko pia mambo si shwari: mnamo Machi 2020, kwa hofu ya korona, milango ya nyumba za wazee ilifungwa hata kwa watetezi, na kwa miaka mingi lalamiko lililoongoza katika nyumba zao ni la mkaazi kuondolewa kwa nguvu. Lakini mtetezi wao anapogonga, ana kitu cha kuonyesha. Sisi tuna kitambulisho cha shingoni chenye mhuri wa parokia.

Si kwamba nchi yetu imenyamaza kabisa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu mzee haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya kimaadili. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mwezi Januari 2016 itifaki ya haki za wazee, ambayo inataka makao ya wazee yawe ya hiari, yenye gharama zinazobebeka, na yafikie viwango vya chini vilivyowekwa na nchi. Maneno hayo ni mazuri, na nimeyasoma kwa sauti kwa wazee wawili watatu waliotaka kuyasikia. Mmoja wao, mama aliyewahi kuuza samaki wakavu katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliuliza kifungu hicho kinasema chakula cha jioni ni saa ngapi. Ningependa kamati ipeleke swali lake kwa mwanasheria.

Kasoro ya pili ni ya mafunzo. Huduma nzima imejengwa juu ya idhini ya mzee, ilhali sehemu ya wakaazi wamepoteza kumbukumbu. Nifanye nini na mama anayeniambia asubuhi kwamba anapigwa, na mchana ananiambia kwamba hapa ni kwa dada yake na wanampenda sana? Mwalimu alipita haraka juu ya jambo hili, akasema tutumie busara. Busara peke yake haitoshi. Watetezi wenye uzoefu hufuata njia inayoeleweka: mtu aliyesahau mwaka anaweza bado kujua kabisa kwamba hataki kuogeshwa na mlezi wa kiume, na kauli hiyo ina uzito wake, dalili za mwilini, kama michubuko au hofu ya mtu mmoja fulani, huangaliwa mara kadhaa na kuandikwa kwa tarehe, na pale mzee anapokuwa na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe akiwa na akili timamu, huyo huulizwa, isipokuwa kama yeye ndiye anayelalamikiwa. Haya yote yangeweza kufundishwa kwa jioni moja. Kukosekana kwake kunawaacha watu wa kujitolea wakibahatisha mahali ambapo hawapaswi kubahatisha.

Kuna pia suala la lugha, ambalo kamati imelishughulikia nusu. Wakaazi wengi huongea Kiswahili chetu cha Lubumbashi, lakini maradhi ya uzeeni yana tabia ya kumrudisha mtu kwenye lugha ya utoto wake, na kuna mama ambaye sasa hasemi ila Kiluba, na mzee wa Kichokwe ambaye tulidhani ni bubu mpaka alipotembelewa na mtu wa kwao. Orodha ya watetezi inapaswa kupangwa kwa lugha wanazozijua, si kwa siku wanazopatikana tu.

Kuhusu wafanyakazi wa nyumba, nataka niwe mwadilifu. Walezi wanalipwa kidogo, mara nyingine wanachelewa kulipwa, na usiku mmoja wao hubaki na ukumbi mzima wa watu wanaohitaji kugeuzwa, kubadilishwa na kupelekwa chooni. Wengi wao ni wapole kuliko ambavyo mimi ningekuwa katika hali hiyo. Mwanzoni walituita wapelelezi, na baadhi bado wanatuita hivyo, ingawa si mbele yetu. Waliobadilika ni wale walioona kwamba lalamiko likifikishwa vizuri linaweza kuwasaidia wao pia: mkaazi mmoja alipolalamika kwamba anaachwa na nguo mbichi usiku, barua yetu haikumtaja mlezi yeyote, iliomba mlezi wa pili wa zamu, na kwa majuma kadhaa alipatikana.

Kwa familia, huduma hii ni bure na inafaa kutumiwa bila kusita. Mkimleta mzee wenu, ulizeni mtetezi wa ukumbi huo ni nani na siku zake ni zipi, na msione haya mzee akimwambia mgeni jambo ambalo hakuwaambia ninyi. Mara nyingi amewaficha ili msihangaike. Msitegemee, hata hivyo, kwamba mtetezi atawapasha habari za mzee bila yeye kutaka. Nimewahi kukasirikiwa na mwana wa mkaazi kwa sababu hiyo, na nitakasirikiwa tena.

Kwa anayetaka kujiunga, gharama ni nauli yake mwenyewe, kwa kuwa kamati hairudishi chochote, na anayeishi mbali, tuseme Ruashi au Kasapa, ahesabu vizuri kabla ya kuahidi. Anayeweza kuja mara moja moja tu afadhali asianze, maana mzee humzoea mtu mmoja na kumsubiri. Kwa mafunzo ningeipa huduma hii alama saba kati ya kumi, kwa kanuni zake tisa, na kwa uwezo wa kulifikisha lalamiko mahali linapoweza kuamuliwa, tatu. Alama hizo tatu nitazipandisha siku kamati itakapopata kutoka kwa nyumba hiyo mkataba wa maandishi, wenye sahihi ya pande mbili, unaotaja siku na saa za watetezi kuingia, muda ambao barua ya lalamiko inapaswa kuwa imejibiwa, na ofisi ya kuiendea isipojibiwa. Rasimu ya mkataba huo ipo kwa katibu wa kamati, ina kurasa mbili, na kila mtetezi anaweza kuomba kuisoma kabla ya mkutano ujao na wasimamizi.